Fundi Ana Deni Gani kwa Mtu Asiyejua?

Madeni ya watu ni ya namna mbili. Liko deni linaloandikwa daftarini, nalo lina tarehe na mashahidi, na mwenye kulidai aweza kulipeleka barazani akasikilizwa. Liko na deni jingine lisiloandikwa mahali po pote, na mara nyingi mwenye kudai hajui hata kidogo kwamba anadai. Hilo la pili ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwa maana twaona ya kuwa watu wengi hulipa lile la kwanza kwa hofu, na hili la pili huliacha kwa sababu hakuna anayewauliza. Nasi tumechagua kulitazama mahali ambapo pengine msomaji hakutazamia kukuta swali la hekima, yaani katika duka la baisikeli.

Kila msomaji wetu wa Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo na Rufiji anaijua Kariakoo, au amepata kumtuma mtu huko. Jina lenyewe lina habari yake. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba, mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza neno hilo likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba vichwani chakula na risasi za jeshi. Wengi walikufa kwa maradhi na uchovu, na wengi wa hao waliokufa, ujira wao haukuwafikia jamaa zao. Basi mahali pale, ambapo leo watu huenda kununua na kuuza, pana jina la watu waliofanya kazi wasilipwe haki yao yote. Baadaye pakawa soko, na jumba kubwa lililochorwa na Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Jumba hilo liliunguzwa na moto usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, lakini hata moto ule haukuweza kuiondoa Kariakoo mahali pake, kwa kuwa Kariakoo si jumba tu, bali ni mitaa mizima, Msimbazi na Uhuru, Congo na Swahili na Sikukuu. Katika mitaa ile na ya jirani hupatikana baisikeli na vifaa vyake, na kando ya barabara huketi mafundi wenye spana, pampu, na karai la maji la kutafutia pancha.

Mtu wa mjini mwenye gari aweza kudhani kwamba habari ya baisikeli ni jambo dogo. La, hasha. Kwa watu wetu baisikeli ni punda asiyekula majani. Muuza madafu huyapanga mashada yake nyuma ya kiti, akazunguka mji tangu asubuhi. Muuza samaki huondoka Feri alfajiri akiwa na tenga lake, akijua ya kuwa jua likimkuta njiani hasara ni yake. Huko vijijini baisikeli hubeba mkaa, ndizi, maji, mtoto wa shule, na pengine mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Iwe ni Phoenix ya China, au Hero ya India, au Raleigh kuukuu ya Uingereza aliyoiacha babu, au Swala iliyoundwa hapa hapa nchini, baisikeli hiyo aghalabu ndiyo mali ya thamani kuliko zote nyumbani mle, ukiondoa shamba na nyumba yenyewe. Basi amkabidhiye fundi baisikeli yake amemkabidhi riziki ya watoto wake.

Tumeyasikiliza malalamiko ya wateja kwa muda mrefu, na tukiyapanga twaona kwamba ni ya aina nne.

La kwanza ni la siku. Fundi husema, "Njoo kesho, mzee." Kesho mteja huambiwa fundi mwenyewe ametoka, na kesho kutwa huambiwa spea haijafika. Jirani yetu mmoja, muuza madafu, aliacha baisikeli yake gurudumu la nyuma lipangwe upya spoku, kazi ambayo fundi mzuri huanza asubuhi akaimaliza kabla ya adhuhuri. Alikwenda mara tano kwa siku tano. Katika siku zile hakuuza hata dafu moja, na yale aliyokwisha kuyanunua yakaharibika barazani kwake. Fundi hakumwibia hata senti. Lakini je, hakumchukulia kitu?

La pili ni la vifaa. Mteja hupeleka baisikeli yenye fri-wili ya zamani iliyo imara, naye hurudishiwa mpya iliyo laini kama bati, akalipishwa, na ile ya zamani ikabaki kwa fundi ili auziwe mwingine. Au hununua tairi lenye jina la kiwanda mashuhuri, na jina lile ni la kughushi, na mpira wenyewe hupasuka kabla ya mvua za masika kwisha.

La tatu ni la bei. Mwuzaji humtazama mtu viatu vyake na kusikiliza lafudhi yake, kisha ndipo ajue kifaa kile ni shilingi ngapi. Tena wako vijana waitwao mawinga, ambao humdaka mgeni barabarani, wakamwongoza dukani kwa maneno matamu, na ujira wao huongezwa katika bei pasipo mgeni kuambiwa. Kuongoza mgeni ni kazi ya halali, nayo yastahili malipo. Lakini malipo ya siri hutoka mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa kama ataka kuyatoa.

La nne ni dharau. Mama aliyekuja kununua tairi alimwuliza fundi swali zuri, naye fundi akamjibu kijana aliyesimama kando, ambaye hata hakuja naye. Watu huliona hili kuwa dogo kuliko yale matatu. Sisi twaliona kuwa mzizi wa yote, kwa maana mtu huanza kwa kumhesabu mwenzake kuwa si kitu, ndipo aone wepesi kumchelewesha, kumbadilishia vifaa, na kumzidishia bei.

Sasa tuulize: kwa nini hayo hutendeka zaidi kwa fundi kuliko kwa muuza nyanya? Sababu ni kwamba nyanya mtu huiona. Akiibonyeza hujua kama imeoza. Lakini gololi za gurudumu zimefunikwa, zimepakwa grisi na kufungwa kwa nati. Na waya wa breki umo ndani ya ala yake, nao hukatika uzi mmoja mmoja mahali jicho lisipofika. Mteja hana njia ya kujua kama gololi zimebadilishwa au zimepanguswa tu, na kama waya ni wa chuma kizuri au kibovu. Atajua siku atakapoteremka mlima ameelemewa na magunia mawili ya mkaa, na mkono wake ukaminya breki pasipo kitu kushika. Yule mwenye nyanya mbovu hupoteza mchuzi wa siku moja. Huyu aweza kupoteza uhai wake. Kwa hiyo twasema kwamba deni la fundi hukua kwa vitu viwili: kwa ujinga wa mteja, na kwa ukubwa wa hatari. Kadiri mtu asivyoweza kujionea mwenyewe, ndivyo anavyozidi kumdai fundi amwonee.

Wengine watasema, "Kariakoo ni mahali pa werevu, ukienda umelala, utaamka huna kitu." Maneno hayo si ya kweli yote. Kariakoo hiyo hiyo ina desturi iitwayo mali kauli. Mfanyabiashara humpa mwenziwe mzigo pasipo fedha wala karatasi, kwa neno la mdomo tu, na mwenziwe akiisha uza humrudishia thamani yake. Mali nyingi sana hupita kwa njia hiyo kila siku, na mtu akivunja neno lake mara moja, habari hutangaa mtaa mzima kabla ya jua kuchwa. Basi haifai kusema kwamba watu wa Kariakoo hawaujui uaminifu. Wanaujua sana, wala biashara yao isingalisimama siku mbili pasipo huo. Linalotusumbua ni kwamba neno lile lile linaloshikwa kwa mwenye duka la jirani halishikwi kwa mzee aliyetoka Rufiji. Mbona hivyo?

Jibu ni jepesi, nalo latuhuzunisha. Jirani ataonana naye kesho, na mzee wa Rufiji atapanda basi arudi kwao. Tairi likipasuka, nauli ya kuja kulalamika ni kubwa kuliko thamani ya tairi. Basi uaminifu ule ni uaminifu wa kuogopa kuonana tena.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785. Alitoa mfano wa mwenye duka ambaye huweka bei moja kwa watu wote, hata mtoto aliyetumwa hununua sawasawa na mtu mzima. Watu humsifu mwenye duka huyo. Lakini Kant aliuliza: je, afanya hivyo kwa kuwa ndilo jambo la haki, au kwa kuwa ataka wateja wengi? Ikiwa ni kwa faida tu, basi siku faida itakapogeuka upande wa pili, na yeye atageuka pamoja nayo. Mfano huo ulitolewa Ulaya zaidi ya miaka 200 iliyopita, walakini mtu angedhani mwenyewe alisimama Mtaa wa Msimbazi. Mtoto aliyetumwa, mgeni wa mara moja, mama asiyejua jina la kifaa, hao ndio mizani ya fundi. Anavyowatendea wajuzi hatuambii neno juu ya moyo wake, kwa sababu wajuzi wamejilinda wenyewe.

Liko swali jingine lililo gumu zaidi. Je, yatosha fundi asiseme uongo, au yampasa pia aseme kweli ambayo hakuulizwa? Cicero, mwanasheria wa Rumi, aliandika habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyo alijua ya kuwa merikebu nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani zaja. Je, awaambie watu, ili bei ishuke, au anyamaze auze kwa bei kubwa? Katika habari hiyo hiyo ametaja mtu auzaye nyumba yenye mbao zilizooza na wadudu wa hatari, naye mwenyewe peke yake ajua. Wenye hekima wawili walibishana. Mmoja alisema kunyamaza si kudanganya. Wa pili alisema kumficha mwenzako jambo ambalo lamfaa kulijua ni kuvunja udugu wa wanadamu. Cicero mwenyewe aliamua ya kuwa haikuwapasa kuficha, wa nafaka wala wa nyumba.

Sisi twathubutu kusema kwamba mambo hayo mawili hayana uzito mmoja. Habari ya merikebu ni habari ya soko, ambayo hata mnunuzi aweza kuitafuta kwa kuuliza bandarini. Habari ya mbao zilizooza imo ndani ya kitu chenyewe kinachouzwa, na mnunuzi hulala chini ya dari ile. Basi kwa fundi wetu twaweka ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kutosema uongo, nayo yampasa kila mtu kila siku. Ya pili ni kujibu kweli akiulizwa, hata jibu likimpunguzia faida. Ya tatu ni kusema pasipo kuulizwa, nayo yampasa kila mara jambo linapogusa ubora uliofichika, na hasa usalama wa mtu. Fundi hana deni la kumwambia mteja kwamba duka la pili tairi ni rahisi kidogo. Miguu ya mteja yaweza kumfikisha huko. Lakini akiona uma wa gurudumu la mbele umepata ufa, naye aliletewa pancha tu, ana deni la kusema, "Mzee, tazama hapa. Usipakie mzigo mpaka kitu hiki kitengenezwe." Akinyamaza, na mzee akaanguka, hatasikia hukumu barazani. Walakini deni lilikuwapo.

Twajua fundi atatujibu nini, wala jibu lake si la kupuuzwa. Atasema, "Ninyi mwakaa na kuandika. Mimi nalipa kodi ya kibanda, nina watoto, na mteja hataki kulipa bei ya kifaa kizuri. Nikimwonyesha waya mzuri na waya mbovu, huchagua mbovu kwa kuwa ni rahisi, na ukikatika hunilaumu mimi. Jirani yangu aseme uongo auze, nami niseme kweli nifunge duka?" Maneno hayo ni ya kweli. Tena yuko mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeeleza mwaka 1970 jinsi jambo hili linavyokwenda. Yeye alitumia mfano wa magari yaliyokwisha tumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, hukataa kutoa bei ya gari zima, kwa kuwa huogopa kudanganywa. Basi mwenye gari zima huona bei haitoshi, akaliondoa sokoni. Na sokoni hubaki yale mabovu. Ndivyo ilivyo hata kwa tairi na waya wa breki. Uongo wa mafundi wachache huwaondolea mafundi wema bei ya haki, na mwisho wake mteja hapati kitu kizuri hata akitaka kukilipia. Mtu mmoja hudanganya, na soko zima hulipa.

Kwa sababu hiyo hatutaki kumwahidi fundi kwamba uaminifu utamtajirisha. Wako wanaofundisha hivyo, nao huwafanya vijana kudhani kwamba wema ni aina ya ujanja wa biashara. Na kijana akiona mwenzake mwongo anajenga nyumba ya matofali, huona amedanganywa na walimu wake. Afadhali tuseme wazi. Uaminifu huenda ukamletea mtu wateja, huenda ukamletea hasara kwa kitambo. Hata hivyo deni ni deni. Mtu halipi deni kwa sababu kulipa kutamnufaisha. Hulipa kwa sababu mali si yake. Imani aliyowekewa na mteja asiyejua haikuwa mali ya fundi, bali ilikuwa amana mkononi mwake.

Nayo sheria ya nchi imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 yamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angalivyoitunza mali yake mwenyewe. Sheria hiyo hiyo yampa fundi haki yake: akiisha kufanya kazi aliyoagizwa kama ilivyopasa, aweza kukizuia kitu kile mpaka alipwe ujira wake. Tena liko Shirika la Viwango, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1975, na iko Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ambazo kazi zake ni pamoja na kupambana na bidhaa hafifu na za bandia. Hayo ni mema, nasi twawashauri wasomaji wayajue. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila karai la pancha. Sheria huanza kazi tairi likiisha kupasuka; dhamiri ya fundi ndiyo pekee iliyopo wakati tairi linapofungwa.

Sasa tugeuke kwa mteja, maana haitakuwa haki kumhukumu fundi peke yake. Mteja naye ana madeni. Wako watu wanaoshusha bei mpaka chini ya gharama ya kifaa chenyewe, kisha wakashangaa wakipewa cha bandia. Watu hao walimlazimisha mwenzao achague kati ya njaa na uongo. Wako wanaoiacha baisikeli kwa fundi miezi mitatu, ikamzibia kibanda chake, wakarudi siku ya mvuto wa fedha na kudai itoke saa ile ile. Wako wanaochukua kazi kwa maneno ya "nitakuletea mwisho wa mwezi," na mwezi huo haumaliziki. Wako pia wanaoficha habari: baisikeli ilianguka ikiwa na watu watatu na gunia, lakini mwenyewe husema, "Ilikuwa imesimama tu, fundi, ikajiharibikia." Dawa ya deni ni kulipa, nayo haiwafai mafundi tu. Anayetaka kuambiwa kweli hana budi kuileta kweli pamoja na baisikeli yake.

Basi twaona ya kuwa uaminifu wa fundi ni kazi ya watu wawili. Fundi hushika ncha moja, mteja hushika ya pili, na mmoja akiachia, mzigo huanguka.

Twamjua fundi mmoja katika mitaa ile, ambaye jina lake hatutalitaja kwa kuwa mwenyewe hapendi. Desturi zake ni chache. Kila kifaa anachokitoa katika baisikeli hukiweka katika kopo, na mwenye mali akija humwonyesha, "Hiki ndicho nilichokitoa, mama, hiki ndicho nilichokitia. Cha zamani ni chako, kichukue." Akiulizwa siku ya kumaliza, huongeza siku moja juu ya ile anayoidhania, kisha humaliza mapema. Kazi isipowezekana, hutuma habari kwa simu, ili mtu asipoteze nauli. Na siku moja tulimwona akirudishiwa baisikeli iliyokuwa ikipiga kelele. Akaitazama, akaikaza nati moja kwa spana, akasema, "Basi, mwanangu, nenda salama." Kijana akatia mkono mfukoni. Fundi akacheka akamwambia kwamba kukaza nati si kazi ya kulipwa. Fundi huyu si tajiri. Kibanda chake ni cha mabati kama vibanda vya wenzake. Lakini tumeona watu wakiketi kungoja zamu yao kwake, hali mafundi wawili jirani zake wamekaa bure.

Kutokana na hayo yafaa tutoe mashauri machache kwa wasomaji wetu waendao mjini. Kabla ya kuacha baisikeli, patana na fundi juu ya kazi, bei na siku, na yote matatu yaandikwe, hata kwenye kipande cha karatasi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Omba uonyeshwe kifaa kilichotolewa. Dai stakabadhi unaponunua kipya. Ukitoa arubuni, iandikwe ni kiasi gani. Usiharakishe kufuata maneno ya kila anayekushika mkono barabarani. Uliza bei maduka mawili au matatu kwanza. Ukimpata fundi mwaminifu, mlipe bei yake pasipo kumkamua, na umpeleke jirani yako kwake. Na ukidanganywa, usinyamaze kwa aibu. Rudi ukaseme kwa upole mbele ya watu, kwa kuwa biashara haigombi, lakini husikia.

Tusimalize tukidhani kwamba tumewasema mafundi wa baisikeli tu. Mganga hujua asiyoyajua mgonjwa. Karani hujua asiyoyajua mzee aliyeleta barua asiyoweza kuisoma. Dereva hujua hali ya breki za basi, na abiria hawajui. Nasi walimu, mzazi ambaye hakupata shule hutuletea mtoto wake, wala hana njia ya kupima kama tumemfundisha kweli au tumemwacha anakili ubao tu; atajua baada ya miaka saba, kama vile mwenye mkaa atakavyojua mlimani. Kila mwenye ujuzi amekaa kibandani kwake, na mbele yake amesimama mtu asiyejua, ameshika kitu chake cha thamani kwa mikono miwili, akisema, "Nitazamie, fundi."

Mtu huyo hawezi kutudai. Hana karatasi, hana shahidi, wala hajui kwamba ana haki ya kudai. Ndiyo sababu deni lake ni la kulipwa kwanza.